Mkazo Masalio na Ugumu katika Chuma Kilichochomelewa: Suala la Maana kabla ya Hesabu

1. Utangulizi

Makala haya yana madhumuni mawili. La kwanza ni kueleza kwa Kiswahili yale yatokeayo ndani ya chuma cha pua kinapochomelewa, na namna tarakilishi itumiwavyo kuyakadiria kabla hayajatokea. La pili ni kuonyesha kwamba maelezo hayo hayawezi kumfikia fundi kwa usalama madhali neno moja, yaani 'ugumu', linaachiwa kubeba mzigo wa maneno matatu. Hapana shaka wako watakaouliza kwa nini jambo la wahandisi liletwe mbele ya wanalugha. Jibu ni kwamba wahandisi wamekwisha kufanya sehemu yao: hesabu zipo, na vipimo vipo. Kilichobaki ni kuyatia hayo katika lugha ambayo mchomeleaji huifikiria kazi yake, na kazi hiyo ni yetu.

Mfano tutauchukua Kizingo, mtaa ulio upande wa kusini wa Kisiwa cha Mombasa, ukiukabili mlango wa bahari uingiao bandari ya Kilindini. Mbele yake hupita meli ziendazo na zitokazo gatini, na jirani yake kiko kivuko cha Likoni, ambapo feri huvusha watu na magari baina ya kisiwa na pwani ya kusini. Feri kama MV Likoni na MV Kwale, zilizoanza kazi mwaka 2010, pamoja na meli kubwa zipitazo karibu nazo, ni mabamba ya chuma yaliyounganishwa kwa moto. Usalama wa abiria hautegemei bamba peke yake, bali hutegemea pia ule ukanda mwembamba ambapo bamba limekutana na bamba.

Pwani hii inajua tangu zamani kwamba nguvu ya chombo imo katika maungio yake. Mtepe ulishonwa kwa kamba za usumba bila misumari, na mbao zake ziliweza kucheza kidogo zilipopigwa na wimbi. Chombo cha chuma hakina nafasi hiyo. Mshono wake ni wa moto. Huyafanya mabamba mawili kuwa kitu kimoja, na kwa hiyo kila moja hulazimika kuyavumilia ya mwenziwe.

2. Yatokeayo chuma kinapochomelewa

Chuma kikipashwa moto hurefuka, na kikipoa hufupika. Kwa kila ongezeko la digrii 100 za Selsiasi, ufito wa chuma wa mita 1 hurefuka kwa milimita 1.2 hivi. Urefu huo ni mdogo mno hata jicho laweza kuupuuza. Lakini tuufunge ufito huo ncha zote mbili kwa namna ambayo hauwezi kurefuka hata kidogo, kisha tuupashe moto. Ule urefu ulionyimwa nafasi hugeuka kuwa mgandamizo. Hesabu yaonyesha kwamba digrii 100 tu zatosha kuzalisha nguvu ya newtoni 250 kwa kila milimita moja ya mraba, sawa na uzito wa kilo 25. Ufito mwembamba kama kijiti cha kiberiti, wenye upana wa milimita 2 kila upande, ungekuwa unabeba uzito wa kilo 100. Kiasi hicho ndicho kikomo cha unyumbufu cha chuma cha kawaida cha ujenzi: kikivukwa, chuma hakirudi tena katika umbo lake la awali.

Sasa yafaa ikumbukwe kwamba chuma hicho huyeyuka kwenye joto la digrii 1,500 hivi. Kinachofanyika pembeni mwa mshono, basi, si suala la digrii 100 bali la mamia kwa mamia. Sehemu iliyo moto hutaka kutanuka, na sehemu baridi inayoizunguka huikatalia. Kwa kuwa chuma cha moto ni laini, hicho ndicho kinachoshindwa: hugandamizwa na kufupika humo humo kilimo. Baadaye joto huondoka. Kile kilichogandamizwa sasa hutaka kuwa kifupi kuliko nafasi kilichonacho, na majirani zake hawakiachilii. Kazi imekwisha, mashini imezimwa, hakuna mzigo uliowekwa juu ya bamba. Hata hivyo mshono unavutwa kwa nguvu iliyo karibu sawa na kikomo chake cha unyumbufu, huku sehemu zilizo mbali nao zikigandamizwa ili kusawazisha mvuto huo. Nguvu hiyo iliyofungika ndani ndiyo tunayoiita mkazo masalio.

Jina la mtaa wetu linafaa kuwa mfano hapa. Katika kamusi, kizingo ni mahali palipopinda, kama vile pindo la mto au la njia. Bamba jembamba likichomelewa bila kubanwa, hufanya kizingo: hupinda mbele ya macho ya fundi, naye hulazimika kulinyoosha. Bamba nene, au lililobanwa sawasawa kwa vyuma, hubaki limenyooka. Fundi humsifu aliyelibana, na kwa upande wa umbo anastahili sifa. Lakini kule kunyooka hakukuondoa ile haja ya kupinda, bali kuliifungia ndani. Kwa kawaida, kiungo kilichozuiwa kupinda huwa na mkazo masalio mkubwa kuliko kile kilichoachiwa. Kupinda na mkazo ni ndugu wawili: mmoja akifukuzwa mlangoni, mwingine hujificha chumbani.

3. Neno 'mkazo'

Wanaisimu watalipinga neno hili upesi, kwani wao wamekwisha kulitumia. Katika fonolojia, mkazo ni ile nguvu ya sauti iwekwayo juu ya silabi moja kuliko nyingine, na katika Kiswahili huangukia, kwa kawaida, silabi ya pili kutoka mwisho. Je, si vurugu neno moja kutumika katika taaluma mbili?

Tunaona kwamba hapana vurugu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kitenzi chenyewe, 'kaza', ni cha kazi za mikono kabla ya kuwa cha sarufi. Mtu hukaza kamba, hukaza fundo, hukaza tanga. Mwanafonolojia ndiye aliyeazima, na mhandisi anapolichukua neno hilo analirudisha kwao. Ya pili ni kwamba matumizi yote mawili yana tabia moja ambayo ni muhimu kwetu. Tuchukue neno 'barabara'. Mkazo ukiwa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia. Ukihamia silabi iliyotangulia hiyo, maana yake ni sawasawa au vizuri kabisa. Herufi ni zile zile, na macho hayaoni tofauti. Hali kadhalika mabamba mawili yaliyo sawa kwa unene, kwa urefu na kwa sura yaweza kuwa na mikazo tofauti kabisa, na tofauti hiyo isijulikane mpaka yatiwe kazini. Mwalimu wa lugha aliyezoea kueleza jambo lisiloandikwa ambalo hata hivyo hubadili maana, hatapata taabu kulieleza jambo hili.

Kuhusu sehemu ya pili ya istilahi, wako wapendao 'mkazo baki'. Sisi twapendelea 'masalio', kwa kuwa 'baki' katika hesabu ni kile kilichosalia baada ya kutoa, na humfanya msomaji afikiri kwamba ni kiasi kidogo kilichoachwa na mkazo mkubwa zaidi. Mkazo huu si mdogo. Umesalia kwa maana ya kwamba vilivyouleta, yaani joto na kani za kubana, vimeondoka nao umebaki nyuma.

4. Ugumu, uimara na ustahimilivu

Hapa ndipo penye hatari. Mswahili akisema 'chuma hiki ni kigumu', kwa kawaida anakisifu. Maana yake ni kwamba hakikunjiki ovyo, hakikwaruziki, hakivunjiki, kitadumu. Neno hili hukusanya sifa tatu ambazo katika sayansi ya chuma huachana, na mara nyingine hupingana.

Ugumu, kwa maana yake ya kipimo, ni uwezo wa uso wa kitu kukataa kutobolewa au kuachwa alama. Mwaka 1900 Johan August Brinell wa Uswidi alionyesha kipimo cha kugandamiza gololi ya chuma juu ya uso na kupima alama iachwayo. Mwaka 1922 Robert Smith na George Sandland, waliokuwa katika kampuni ya Vickers huko Uingereza, walieleza kipimo kitumiacho piramidi ya almasi, na kipimo hicho kingali kinaitwa Vickers hadi leo. Chuma cha kawaida cha ujenzi hupata 120 hadi 160 hivi kwa kipimo hicho.

Uimara ni jambo jingine: ni kiasi cha nguvu ambacho kitu hubeba kabla ya kuharibika umbo. Na ustahimilivu ni jambo la tatu: ni uwezo wa kupokea pigo au ufa bila kupasuka ghafla. Kioo ni kigumu kuliko bati, lakini hakuna aezekaye nyumba kwa kioo akitumaini kwamba kitastahimili mawe ya watoto. Mhunzi naye anaijua siri hii. Akikitoa kisu motoni kikiwa chekundu na kukitia majini, hukipata kigumu sana. Na akikiacha hivyo hivyo, ncha hukatika mara ya kwanza inapogonga mfupa. Ndiyo sababu hukirudisha motoni kidogo, ili akipunguzie ugumu na kukiongezea ustahimilivu.

Mchomeleaji hufanya tendo hilo hilo la kutia majini bila kukusudia. Bamba nene lililo baridi hunyonya joto la mshono upesi kama maji yanyonyavyo joto la kisu. Wahandisi hupima muda ambao chuma huchukua kushuka kutoka digrii 800 hadi 500. Muda huo ukiwa mfupi mno, ukanda ulio kando ya mshono hugeuka kuwa matensaiti, umbo la chuma lililo gumu sana na lenye ustahimilivu mdogo, ambalo limepewa jina la Mjerumani Adolf Martens. Kiasi cha kaboni na manganisi kilichomo katika chuma huamua jinsi hatari hiyo ilivyo kubwa. Kwa vyuma vingi vya ujenzi, ugumu wa 350 kwa kipimo cha Vickers huchukuliwa kuwa mpaka usiofaa kuvukwa katika ukanda huo.

Mpaka huo umewekwa kwa sababu ya ufa wa baridi, ambao huzaliwa na mambo matatu yanapokutana: ukanda mgumu, mkazo masalio wa mvuto, na haidrojeni iliyoingia ndani ya chuma. Haidrojeni hiyo hutoka hasa katika unyevu, na hewa ya Mombasa haina uhaba wa unyevu. Vijiti vya kuchomelea vilivyoachwa wazi katika karakana ya pwani hunyonya maji, na maji hayo huvunjwa na moto wa umeme. Ubaya wa ufa huu ni kwamba haujitokezi papo hapo. Waweza kuzaliwa saa nyingi baada ya kazi, pengine siku ya pili, wakati fundi amekwisha kulipwa na kwenda zake. Kwa hiyo wakaguzi wa kazi nzito husubiri, mara nyingi saa 48, ndipo waupime mshono.

Historia ya vyombo vya bahari imetoa funzo la kutenganisha sifa hizi tatu. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta ya Marekani, Schenectady, ilikatika vipande viwili ikiwa imefungwa gatini huko Oregon, bahari ikiwa shwari. Mwanzoni mkazo masalio ulishukiwa sana. Uchunguzi wa baadaye kuhusu meli nyingi za wakati huo ulionyesha kwamba chanzo kikubwa zaidi kilikuwa ni chuma chenye ustahimilivu mdogo katika baridi, pamoja na dosari za mishono na pembe kali ambamo nyufa zilianzia. Tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la Alexander L. Kielland lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini, na watu 123 wakafa. Ufa ulioleta maafa hayo ulianzia katika mshono mdogo ulioshikilia kifaa cha kusikilizia sauti majini, kitu ambacho hakikuhesabiwa kuwa sehemu ya kubeba mzigo.

5. Kazi ya tarakilishi

Mkazo masalio hauonekani, na kuupima ni kazi ghali. Njia moja ni kutoboa tundu dogo na kupima jinsi chuma kinavyosogea pembeni mwake. Nyingine ni kutumia eksirei. Njia ya kwanza hukijeruhi chuma, na ya pili huona usoni tu. Hivyo wataalamu wakatafuta namna ya kuhesabu.

Mwaka 1941 Daniel Rosenthal alitoa fomula ya joto lienealo kutoka kwenye chanzo kinachotembea, yaani ncha ya moto inayosogea juu ya bamba. Fomula hiyo ilikichukua chanzo cha joto kuwa nukta au mstari, na kwa hiyo ilikosea hasa pale karibu na mshono ambapo ukweli wahitajika zaidi. Mwaka 1984 John Goldak na wenzake huko Kanada walileta chanzo chenye umbo la nusu mbili za yai, ya mbele fupi na ya nyuma ndefu, kama linavyoonekana dimbwi la chuma kilichoyeyuka. Kabla ya hapo, mwaka 1971, Ueda na Yamakawa wa Japani walikuwa wameonyesha jinsi ya kuhesabu mikazo ya kuchomelea kwa njia ya vipande vidogo.

Njia hiyo ya vipande yaweza kufananishwa na wavu. Bamba zima hugawanywa katika macho ya wavu, na tarakilishi huhesabu hali ya kila jicho kwa kutazama majirani zake. Karibu na mshono, ambapo joto hubadilika haraka, macho huwa madogo kama ya wavu wa dagaa. Mbali nao huwa makubwa kama ya jarife. Hesabu hufuata hatua tatu. Kwanza hutafutwa joto la kila jicho kwa kila wakati. Kisha, kutokana na kasi ya kupoa, hukadiriwa ni sehemu gani ya chuma imegeuka matensaiti; kwa hatua hii hutumika fomula ya Koistinen na Marburger ya mwaka 1959. Humo ndimo upatikanamo ugumu. Mwisho huhesabiwa ni nani anayemvuta nani, na humo ndimo upatikanamo mkazo masalio. Hatua ya pili na ya tatu hufungamana, kwa kuwa matensaiti inapozaliwa hutanuka kidogo, na kutanuka huko hupunguza sehemu ya mvuto uliokwisha kujengeka.

Faida yake ni kwamba mtu aweza kuuliza maswali bila kuharibu bamba hata moja. Je, tukilipasha bamba moto kabla ya kuanza? Je, tukibadili mfuatano wa mishono? Je, tukiacha kubana upande mmoja? Lakini modeli haijui ila kile ilichoambiwa. Ikipewa tabia za chuma ambacho sicho kilichomo karakanani, itatoa jibu zuri la swali lisiloulizwa. Kwa hiyo jibu lake halina budi kulinganishwa na vipimo vya kweli walau mara chache.

6. Pale jibu linapomfikia fundi

Matokeo ya modeli hutolewa kwa picha ya rangi: nyekundu penye thamani kubwa, buluu penye ndogo. Mhandisi huitazama na kumwambia msimamizi, naye humwambia fundi: 'Hapa pana ugumu mkubwa.' Tufikiri sentensi hiyo inasikikaje. Mmoja ataielewa kwamba mahali hapo kazi ni ngumu, yaani ina taabu. Mwingine ataielewa kwamba pamekuwa imara, na atafurahi. Hakuna kati yao atakayesikia onyo, na mhandisi alikusudia onyo. Hesabu zote tulizozieleza zitakuwa zimepotea katika hatua moja ya mwisho, isiyo ya hesabu.

Kwa hiyo twapendekeza mgawanyo ufuatao:

(a) 'ugumu' ubakie kwa maana ya kipimo tu, na katika mafunzo utajwe pamoja na namba yake;
(b) 'uimara' uwe ni uwezo wa kubeba mzigo;
(c) 'ustahimilivu' uwe ni uwezo wa kupokea pigo na kuuzuia ufa;
(d) 'mkazo masalio' uelezwe kwa pande zake mbili, 'mvuto' na 'mgandamizo', kwa kuwa wa kwanza huufungua ufa na wa pili huufunga;
(e) 'modeli' itumike kwa ile ihesabuyo, na 'kielelezo' kiachiwe kile kinachoonyesha tu.

Katika onyo la karakanani, neno 'ugumu' lisiachwe peke yake. Afadhali isemwe: 'Hapa chuma kimekuwa kigumu, kitapasuka.' Kitenzi cha pili hulinda maana ya cha kwanza.

Mombasa ina sababu ya pekee ya kulishughulikia jambo hili. Mkutano wa mwaka 1928 ulioichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika katika mji huu huu, na tangu hapo msamiati wa Kimvita umekuwa ukingoja mlangoni. Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), ambaye ndiye anayesifiwa kwa kulibuni neno 'tarakilishi', alionyesha njia nyingine. Katika utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, alikusanya msamiati wa ujenzi wa vyombo vya bahari kama unavyotamkwa na mafundi wenyewe. Kazi kama hiyo haijafanywa kwa ukamilifu kwa wachomeleaji, ingawa karakana ziko tele na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopewa hadhi hiyo mwaka 2013, kiko kisiwani hapa hapa. Mwanafunzi wa isimu na mwanafunzi wa uhandisi wangeweza kuifanya pamoja: wa kwanza akiandika maneno ya fundi, wa pili akipima kile ambacho neno linakitaja.

7. Tamati

Tumeona kwamba mkazo masalio huzaliwa pale chuma kinaponyimwa nafasi ya kutanuka na kufupika. Kwamba ugumu uzidio kando ya mshono ni dalili ya hatari wala si ya nguvu. Na kwamba tarakilishi yaweza kuyakadiria yote mawili ikiwa imepewa habari za kweli. Tumeona pia kwamba jibu lake hupita katika neno moja ambalo kwa wasemaji wetu ni sifa njema. Istilahi katika jambo hili si pambo la kitaaluma. Ni sehemu ya kazi yenyewe ya kuchomelea, sawa na kukausha vijiti na kupasha bamba moto, na yafaa ifundishwe pamoja nayo tangu siku ya kwanza ambapo mwanafunzi anashika mashini mkononi.